Kuigiza na Kudanganya

Wasomaji wetu, miezi michache iliyopita tulipata barua kutoka kwa mwenzetu mmoja tuliyesoma naye katika chuo cha ualimu, ambaye sasa akaa Atlanta, katika nchi ya Marekani, afanyako kazi ya kufua nguo za hospitali. Barua ilikuwa ndefu, kurasa tisa, na nyingi za kurasa hizo zilijaa furaha. Maana alikuwa akieleza jinsi alivyowachukua mkewe na watoto wao watatu, kwa mara ya kwanza, kwenda Walt Disney World, viwanja vile mashuhuri vya michezo na maajabu vilivyo karibu na mji wa Orlando katika Florida. Lakini katika ukurasa wa mwisho, kana kwamba ni neno dogo alilokaribia kulisahau, aliandika habari moja, kisha akatuuliza swali. Ametupa ruhusa kulijibu mbele yenu, mradi tusimtaje jina. Nasi twaona kwamba swali hilo si lake peke yake.

Yafaa kwanza tupaeleze mahali penyewe, kwa kuwa wengi wetu tumepaona katika picha tu. Walt Disney, aliyezaliwa Chicago mwaka 1901, alikuwa mtengenezaji wa sinema za michoro. Mwenyewe alisimulia kwamba wazo la viwanja lilimjia alipokuwa ameketi juu ya benchi katika bustani ya Griffith Park, mjini Los Angeles, akiwatazama mabinti zake wawili wakizungushwa juu ya farasi wa mbao. Aliona kwamba watoto walikuwa wakicheza, lakini wazazi hawakuwa na kazi ila kungoja. Akataka pawe mahali ambapo mzazi na mtoto watafurahi pamoja. Viwanja vya kwanza, Disneyland, vilifunguliwa Anaheim katika California tarehe 17 Julai 1955. Vya Florida vilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971, naye mwenyewe hakuviona, kwa kuwa alifariki mwaka 1966. Eneo lililonunuliwa huko Florida lilikuwa kama ekari 27,000, na leo lina viwanja vikubwa vinne, pamoja na maziwa, hoteli, na gari moshi lipitalo juu ya nguzo. Mtu hapamalizi kwa siku moja.

Wala haendi mikono mitupu. Mwaka 1971 mtu mzima aliingia kwa dola 3.50, ingawa michezo mingi ilikuwa na tiketi zake mbali. Leo tiketi ya siku moja huzidi dola 100. Mtoto asiyetimiza miaka mitatu haingii kwa malipo. Akiisha kuitimiza, hulipiwa karibu sawa na mtu mzima. Mwenzetu aliweka akiba muda wa miaka miwili, kila mwisho wa juma dola chache katika kopo la maziwa. Walisafiri kwa gari lao kama kilometa 700, wakila chapati na kuku waliopikiwa nyumbani. Binti yao alikuwa na miaka 12, mvulana 6, na kitindamimba alikuwa ametimiza miaka mitatu siku tisa kabla ya safari.

Hapo ndipo penye neno. Kabla hawajashuka garini, baba alimwita yule mdogo akamwambia, "Mtu akikuuliza, una miaka miwili," akamwonyesha vidole viwili. Mtoto, ambaye kwa siku tisa alikuwa akifundishwa na dada yake kwa shangwe kuonyesha vidole vitatu, alivitazama vile viwili asielewe. Dada mtu alisikia. Mama naye alisikia, akainama kufunga kamba za viatu vya mvulana, ambazo zilikuwa zimekwisha kufungwa. Langoni mtumishi aliwapokea kwa uso wa furaha, akauliza umri wa mdogo. Mtoto akamtazama baba, na baba akajibu, "Miwili." Wakaingia.

Ingeishia hapo, labda asingetuandikia. Lakini mchana yule mvulana, ambaye hakuwa amesikia ya garini, alimpigia kelele mtumishi mmoja wa kike kwamba ndugu yake alikuwa na sikukuu ya kuzaliwa juma lililopita. Huko ni desturi kumpa beji bila malipo mtu anayeadhimisha siku yake. Mama yule akapiga magoti mbele ya mtoto, akamwuliza kwa upole, "Umetimiza mingapi?" Watu wote watano wakanyamaza. Mwisho baba akasema, "Miwili." Basi akaandika jina la mtoto juu ya beji, akambandika kifuani, akampigia makofi. Usiku, walipokwisha kulala watoto, mkewe aliitoa ile beji katika shati la mtoto akaitia chini kabisa ya mkoba, asiseme neno.

"Tangu siku ile," aandika mwenzetu, "kila mtu amwulizapo umri wake, mtoto hunitazama mimi kwanza."

Kisha ajitetea, nasi twamsifu kwa kuwa amejitetea kwa akili. Asema hivi: Mahali pale pote pamejengwa kwa uongo. Ngome si ngome, panya si panya, mto hautoki mlimani, na kijiji cha Afrika hakina Mwafrika aliyezaliwa ndani yake. Watu hulipa fedha nyingi ili wadanganywe, na wanaowadanganya husifiwa. Je, katika nyumba ya uongo, uongo wangu mmoja wa mlangoni una uzito gani?

Twakiri kwamba tulikaa na swali hili majuma mawili kabla ya kushika kalamu.

Tuanze na ngome, maana ndiyo ionekanayo kwanza. Ngome ya Cinderella yapanda futi 189, nayo kwa macho ni ya mawe kama ngome za wafalme wa Ulaya. Lakini kuta zake ni chuma, saruji na faibaglasi. Mawe ya chini yamefanywa makubwa, na kadiri ukuta upandavyo mawe yazidi kuwa madogo, hata jicho ladhani kwamba kilele ki mbali kuliko kilivyo. Tena chini ya njia za uwanja kuna mapito yaliyofichwa, wapitamo watumishi, ili aliyevaa mavazi ya nchi moja ya hadithi asionekane akikatiza katika nchi nyingine. Kama fundi angetuuzia nyumba ya namna hiyo akatuambia ni ya mawe, tungempeleka barazani kwa wazee, nao wangemtoza.

Walakini huko nani aliyeuziwa? Hakuna mtu mzima aingiaye akifikiri kwamba atamwona mfalme. Kampuni yenyewe huwaita watumishi wake kwa jina la waigizaji, na wanaoingia huwaita wageni; hata jina tu ladhihirisha shauri lililofanywa baina ya pande mbili. Sisi twalijua shauri hilo tangu utoto. Bibi alipoketi jioni akasema "Paukwa," nasi tukajibu "Pakawa," tulikuwa tumempa ruhusa. Baada ya jibu lile, sungura aliweza kusema, fisi aliweza kuoa, na hakuna mjukuu aliyesimama kumshtaki bibi kwa uongo. Lakini bibi yule yule, asubuhi, akisema kwamba mbuzi amekwisha kunyweshwa maji na kumbe hakunyweshwa, angetiwa aibu. Kinywa ni kimoja, na maneno yote mawili si ya kweli. Jioni tulimjibu "Pakawa". Asubuhi hakuna aliyemjibu.

Labda mtu atasema, Mtu mzima ajua, lakini mtoto je? Yule mvulana wa miaka sita hakujibu "Pakawa" mahali po pote. Aliamini ngome ni mawe, akamkumbatia yule panya mkubwa kwa moyo wote. Neno hili ni gumu zaidi, nasi hatutaki kulipita mbio. Watazameni watoto wenu nyuma ya nyumba. Hupika ugali wa udongo katika kifuu cha nazi, humbeba mgongoni gunzi la mahindi wakaliimbia lilale, na ukimwambia binti kwamba huyo si mtoto bali ni gunzi, atakukasirikia. Je, hajui? Njaa imwumapo, hali ule udongo. Hukimbilia jikoni kwa mama. Mtoto ana nyumba mbili kichwani mwake, na mlango ulio katikati aufungua mwenyewe kwa wakati wake. Kazi ya mzazi si kuuvunja mlango ule kwa shoka, wala kuupigilia misumari usifunguke. Mwenzetu aeleza kwamba usiku wa pili mvulana alimwuliza, "Baba, yule ni panya wa kweli?" Naye akamjibu, "Wewe waonaje?" Mtoto akafikiri, akasema, "Naona ndani yuko mtu, lakini usimwambie mdogo." Hatukuweza kujizuia kucheka tuliposoma. Hapo hakuna aliyedanganywa. Mtoto amepita mlangoni kwa miguu yake, tena sasa ajitwalia kazi ya bibi.

Kuna jambo lingine, nalo latugusa sisi zaidi kuliko ngome. Katika uwanja wa nne, uitwao Animal Kingdom, uliofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, wamejenga kijiji cha pwani ya Afrika ya Mashariki, nacho kinaitwa Harambe. (Sisi waalimu hatuna budi kusema kwamba limepungua herufi moja, lakini tusiwe wagumu.) Waliokibuni, wakiongozwa na Joe Rohde, walisafiri Afrika wakajionea, na Lamu ni mmoja wa miji waliyoiiga. Kuna kuta za chokaa, milango ya kuchongwa, na vibao vya Kiswahili. Kutoka hapo magari ya wazi huwachukua watu kwenda kuwaona simba, tembo na twiga, walio hai kweli kweli, katikati ya mibuyu ambayo mingine ni ya saruji. Jambo la ajabu ni hili: nyumba zile zilijengwa mpya, kisha mafundi wakalipwa kuzifanya kuukuu. Lipu imebanduliwa kwa makusudi, nyufa zimechorwa, rangi imefifishwa kabla ya jua kuifikia. Sisi Krismasi inapokaribia hupaka chokaa nyumba kuukuu zionekane mpya. Huko fedha zimetumika nyumba mpya zionekane zimechoka.

Yule binti wa miaka 12, aliyeondoka kwetu akiwa mtoto wa kubebwa, alivisoma vibao kwa sauti na kuwafasiria wadogo zake, na wageni waliosimama karibu wakamtazama kwa heshima. Mwenzetu asema siku ile ndiyo mara yake ya kwanza kumwona bintiye akijivuna kwa lugha ya nyumbani. Lakini baadaye, wakiwa wameketi kivulini, binti akauliza, "Basi nyumbani ndivyo kulivyo, kumebanduka hivi?"

Hapo twaona mpaka. Mzee wa Lamu akipita Harambe atacheka na kusifu mkono wa fundi, kwa kuwa ana Lamu yake kichwani ya kulinganisha. Mtu asiyekuwa nayo, ngome aijua kwamba si ngome, lakini kijiji hana la kukipimia. Huenda akatoka pale akidhani ameona. Hatusemi kwamba waliojenga walikusudia kumdanganya. Twasema kwamba mchezo huhitaji ajuaye na ajuaye, na asiyejua hana budi kuambiwa na aliye karibu naye. Mwenzetu alimwambia. Alimweleza binti kwamba Lamu ni mji wa watu, ulio wa kale hata mwaka 2001 uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kwamba pana misikiti, punda, madeni, harusi na ugomvi wa majirani. Na kwamba Harambe jioni hufungwa, wala hakuna anayelala humo. Ajabu ni kwamba baba yule yule, aliyekuwa mwangalifu kiasi hiki asimwache bintiye adanganyike kwa lipu ya ukuta, ndiye aliyekuwa amemwambia nduguye "miwili" asubuhi.

Basi turudi langoni. Yule mtumishi wa lango hakuwa ameitwa katika mchezo wo wote. Aliuliza swali la asubuhi, akajibiwa jibu la jioni. Mama yule aliyepiga magoti kadhalika. Tena yeye alitoa furaha yake bure, ikapokewa na mkono uliokuwa ukificha kitu. Kuna njia moja ya kujaribu ambayo sisi huitumia na wanafunzi wetu. Mchezo ukiisha, unaweza kumwambia mwenzako kila kitu, nanyi mkacheka pamoja. Yule mvulana aliyegundua kwamba ndani yuko mtu hakuumizwa, alifurahi mara mbili. Je, mwenzetu angeweza jioni ile kurudi kwa mama yule wa beji akamwambia, "Kwa kweli ni mitatu," kisha wakacheka wote? Yeye mwenyewe aandika kwamba alibadili njia mara mbili ili asipite tena mbele yake.

Ametoa pia hoja ya kwamba kampuni ni tajiri, nayo haitasikia upungufu wa tiketi moja. Ni kweli haitasikia. Ameongeza kwamba bei ni nzito mno kwa mfuaji nguo, na kwamba hata ndani ya lango fedha zapanga watu. Tangu mwaka 1999 palikuwa na njia ya haraka ambayo kila mwenye tiketi aliweza kuipata bila kuongeza kitu. Tangu mwaka 2021 njia ya haraka huuzwa, na mwenye nacho humpita asiyenacho mbele ya macho ya watoto wake. Sisi twaona neno hili ni gumu, na kama tungeulizwa tungesema si zuri. Lakini bei imeandikwa hadharani. Anayeichukia aweza kuisema kwa sauti kuu, aweza kukaa nyumbani, aweza kuungoja mwaka mwingine. Lile la langoni haliwezi kusemwa kwa sauti kuu. Lilisemwa garini, kwa kunong'ona, huku mama akifunga kamba zilizokwisha kufungwa.

Tusije tukaonekana watu wa kuhukumu tukiwa mbali, twaona yatupasa kueleza neno letu wenyewe. Tulipokuwa na miaka minane, mama yetu alitupeleka kwa mara ya kwanza kuona bahari. Alikuwa mjane, na nauli ya mtoto mdogo ilikuwa nusu. Alituambia ndani ya basi tukunje magoti na kujikalia chini chini, ili utingo atuone wadogo. Utingo alipita, akatazama, akapokea nusu. Hata leo hatumlaumu mama, kwa kuwa twajua nusu ile ilikuwa chakula cha siku mbili. Lakini twasema kweli: katika safari ile ya bahari, jambo tunalolikumbuka kuliko yote ni magoti. Bahari tulikuja kuikumbuka baadaye, katika safari nyingine. Naye mama, aliyetupenda hata akajinyima, hakujua kwamba ametupa kitu kile na kuchukua kitu kingine kwa mkono huo huo. Wala sisi hatukumwambia kamwe, maana watoto hawasemi mambo kama haya. Hutazama uso wa mzazi tu.

Kwa hiyo tulimjibu mwenzetu kwamba, kwa maoni yetu, deni la kampuni ni dogo kuliko madeni yake mengine. Akiweza kulilipa, na alilipe; aweza kwenda tena siku moja akanunua tiketi ya mtoto kama ipasavyo, ingawa kopo la maziwa litachukua miaka mingine. Deni la kwanza ni la nyumbani. Binti alisikia, na kwa umri wake ameelewa; kama hataambiwa neno, atadhani baba ameona ni sawa, naye atakuwa na neno la kulipia atakapotaka kumdanganya yeye. Mvulana alifanywa msemaji wa jambo asilolijua. Na yule mdogo amenyang'anywa mwaka mmoja, na hajui kwa nini. Twalimshauri awaketishe wote watatu, bila kujitetea, bila habari za bei, aseme tu, "Nilisema uongo langoni, na nilikufundisha wewe useme." Tulijua ni shauri rahisi kwetu tuliolitoa, tukiwa mbali, na zito kwake.

Jibu lake lilifika juzi, ukurasa mmoja tu. Asema alifanya hivyo baada ya chakula cha usiku. Binti hakusema kitu, aliinuka akaosha vyombo, ambavyo haikuwa zamu yake. Mvulana aliuliza kama watarudishiwa kule wakafungwe. Mkewe alikwenda chumbani, akaitafuta ile beji chini ya mkoba, akaiweka juu ya kabati la sahani, mahali ambapo watu wote waiona. Na kwa habari ya yule mdogo, asema kwamba akiulizwa umri wake bado humtazama baba kwanza, naye baba humwonyesha vidole vitatu.